Kisiki kwenye Tuta la Veneranda

Nani asiyemjua Veneranda hapa milimani? Mama mfupi, mpole, lakini gusa ndiva yake utajua hujui. Bwawa hilo la udongo alilichimba na marehemu mumewe, Zefania, jembe kwa jembe. Kila asubuhi hukagua tuta linalozuia maji yake, pekupeku. Watu humtania, "Mama, viatu vimeisha dukani?" Naye huwajibu, "Tuta huongea na nyayo, haliongei na raba."

Shemeji yake Paschal, mdogo wa Zefania, yeye alinuna tu. Kwake ndiva ilikuwa mali ya ukoo, na mjane ni mlinzi. Zefania alipanda mikaratusi juu ya tuta ili ijulikane ni lake, na hapo alikosea, Mungu amrehemu. Mti mkubwa haupandwi kwenye tuta la maji. Paschal naye, kuonyesha kwamba mali ni ya ukoo, akaangusha mmoja na kuchana mbao za nyumba yake, pale chini ya bwawa. Kisiki kikabaki, mizizi ikaozea ndani ya udongo na kuacha matundu.

Masika haya mvua ilinyesha siku tano mfululizo. Asubuhi ya Jumapili ya Matawi, Paschal anafunga vifungo vya shati la kanisani, pembe ya msaragambo ikalia kuita kijiji kwenye kazi ya pamoja. Jumapili! Akapanda bwawani akifoka. Alimkuta Veneranda chini ya kisiki, kakinga kiganja penye maji yanayovuja.

"Jana yalikuwa safi," alisema. "Leo yana tope. Tuta linaliwa kwa ndani. Kawatoe watoto nyumbani, shemeji."

Paschal alitazama bwawa lililojaa hadi ukingoni, kisha bati la nyumba yake kule chini. Lahaula! Alikimbia, akawatoa wote, akarudi anahema.

Watu walikuwa wamefika na majembe, wakidhani ni kuziba.

"Halizibiki," Veneranda alisema. "Tunakata pembeni, maji yaende korongoni."

Maji ya kiangazi kizima! Kwa desturi, mwenye ndiva ndiye hupiga jembe la kwanza. Watu wakamtazama Paschal, bingwa wa maneno. Hakunyanyua mkono. Veneranda alijifunga kanga kiunoni, akapiga.

Maji yalitoka kama ng'ombe waliofunguliwa zizini. Ardhi ilitetemeka. Mawe makubwa kuliko mbuzi yalibingirika korongoni, na Paschal, aliyekunywa maji hayo miaka yote hiyo, akaogopa kwa kuona nguvu yake. Alimwogopa zaidi mwanamke yule, aliyesimama anatiririkwa na machozi huku jasho la ujana wake likienda zake, ili nyumba ya mtu anayemdai ndiva isimame.

Ndiva ilipobaki tope, Paschal alimsogelea.

"Shemeji, kile kisiki..."

"Kisiki ni chako," Veneranda alimkatiza. "Ndiva ni yangu."

"Ni yako," Paschal alisema, na watu wote wakasikia. Kisha akavua shati la kanisani, akaomba jembe, akaanza kung'oa kisiki chake.