Kidoti cha Gari la Kibwana

Kule Mwabungo watu wamelipindua jambo hili mpaka likawa kichekesho, kwa hiyo tuliweke sawa kabla hatujaenda mbali: Mwanaima hakuwa na wazimu, wala hakumfanyia mtu uchawi. Alikuwa mwanamke aliyefiwa na mume, amekaa eda, na simu iko mkononi. Basi.

Mumewe, Kibwana, alikuwa dereva wa teksi Diani, mtu wa kupenda vitu vipya kuliko wenziwe wote wa pale kwenye lango la hoteli. Wenziwe walipokuwa wakihangaika na magari ya petroli, yeye akaenda akaleta kigari cha umeme, cheupe, kisichotoa hata mngurumo. Ndani yake mlikuwa na laini ya simu ya gari lenyewe, na intaneti ya bure kwa abiria. Wageni wakipanda, kabla ya kuuliza njia wanauliza mtandao, na Kibwana huwajibu kwa madaha kana kwamba ameutengeneza yeye.

Mwanaima lile gari hakulijali. Alichotaka ni kujua mume yuko wapi, na alikuwa na tabia ya kumpigia simu kila mara. Kibwana akachoka. Siku moja akaichukua simu ya mkewe, akamwekea programu ya gari kama aliyokuwa nayo yeye, akamwonyesha ramani.

"Hiki kidoti cha buluu ndicho mimi," akamwambia. "Kikienda, niko njiani. Kikisimama, nangojea abiria. Usinipigie tena, mke wangu, utanitia kwenye ajali."

Akamwonyesha na vitufe vyake: cha kufunga milango, cha kuwasha taa, cha kupiga honi. Akapandisha na antena juu ya paa la nyumba ili intaneti ishike mpaka chumba cha ndani. Tangu hapo Mwanaima akikuna nazi, jicho moja liko kwenye nazi na jingine kwenye kidoti. Simu zikakoma, nyumba ikapata raha.

Sasa ije siku yenyewe. Mchana ule kidoti kilisimama kwenye lango la hoteli. Adhuhuri kimesimama, alasiri kimesimama. Mwanaima alikitazama, akakitazama tena, na kila mara akajiambia kuwa anangojea abiria, maana ndivyo alivyofundishwa. Madereva wenziwe Kibwana nao walipita kando ya gari wakamwona ameegemea kiti, macho kayafumba, wakadhani amelala. Mpaka mlinzi alipogonga kioo asijibiwe. Daktari alisema ni moyo, na kwamba huenda asingepona hata kama angewahishwa. Hiyo "huenda" ndiyo iliyomkaa Mwanaima kooni.

Hakulia. Wanawake walijaa nyumbani wakalia, wifi yake Ummi alilia mpaka sauti ikamkauka, yeye kakaa kwenye mkeka kimya, na watu wakamsifu kwa subira yake. Subira gani? Mwenzenu alikuwa akikumbuka kila mara aliyoitazama ile simu akairudisha chini.

Gari likauzwa ili mirathi igawanywe kama sharia inavyotaka. Shemeji aliyeliuza alikabidhi ufunguo na karatasi zake, hakujua kwamba kuna simu ya mtu iliyoungana nalo. Likanunuliwa na kijana wa Kikoneni aitwaye Dzombo. Na asubuhi moja Mwanaima, amejikalia chumbani na eda yake, kutoka hatoki, akaigusa ile programu bila ya kukusudia, akakiona kidoti kinakwenda.

Alijua vyema kwamba lile ni gari tu, na kwamba Kibwana yuko kaburini. Lakini nenda kayaambie macho. Kidoti kiliteremka kutoka Kikoneni, kikaingia Msambweni, kikafuata lami mpaka Kombani, kikapanda Kwale. Siku nyingine kikafika mpaka Taru, kwenye barabara kuu. "Leo amepata safari ya mbali," akajisemea, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akala chakula akakimaliza. Ikawa ndiyo kazi yake kutwa.

Taabu ilikuwa pale kinaposimama. Kidoti kikisimama muda mrefu, anarudi kwenye ile alasiri ya langoni. Mara ya kwanza kilisimama Msambweni, karibu na soko. Alivumilia, akashindwa, kidole kikaenda kwenye kitufe cha taa. Hola, hakikusogea. Akabonyeza honi. Kidoti kikashtuka, kikashika njia. Maskini, akapumua na kumshukuru Mungu. Basi ikawa ndiyo dawa: kikisimama sana anakiamsha, na akikiamsha kinaondoka. Yule aliyemo ndani hakumfikiria hata kidogo. Tumlaumu kwa hilo, ni haki yetu, lakini tumlaumu taratibu.

Eda ilikuwa bado haijafika nusu Ummi alipoingia chumbani na kumwambia kwamba nje yuko yule kijana aliyenunua gari, na anasema lazima azungumze na mjane. Mwanaima akajitanda, akakaa nyuma ya pazia la mlango. Kijana akakaa upande wa pili, kwenye baraza ya ndani.

"Shikamoo, mama. Poleni na msiba."

"Marahaba, mwanangu. Tumeshapoa."

"Mama, sikuja kwa shari. Nimekuja kuomba radhi."

"Radhi ya nini?"

"Ndiyo niliyokuja kuuliza." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekosa usingizi. "Nikisimama nipumzike, gari linawaka taa lenyewe. Nisipoondoka, linapiga honi. Nimelipeleka kwa fundi Ukunda, akalichomeka kompyuta yake, akasema gari zima. Baba akaniuliza, hili gari lilikuwa la nani? Nikamwambia la mtu aliyefia ndani yake. Akasema basi mwenyewe hajaliacha. Nimetoa sadaka, nimelisomesha dua, wapi. Mke wangu ana mimba na hataki kulisogelea. Abiria wamesikia, wananikimbia. Kama nimemkosea marehemu, mama, kama kuna haki yake iliyobaki kwangu, niambie. Nimeshazungumza na watu wa Taru wanaokata magari wakauza vipuri. Wanakuja kulichukua kesho."

Mwanaima aliitazama simu iliyokuwa mapajani mwake. Akinyamaza, kidoti kitazimika kesho huko Taru, na hakuna mtu duniani atakayejua. Akisema, kitazimika leo, kwa mkono wake mwenyewe, na watu watapata la kumchekea. Tusidanganyane, alitamani kunyamaza. Kesho ni siku moja zaidi. Dzombo akauliza kama bado yupo.

"Si marehemu," akasema. "Marehemu hana haja nawe, mwanangu. Ni mimi."

Akamweleza yote: ramani, vitufe, na ile siku ya langoni. Akangojea atukanwe. Kijana alikuwa na haki ya kumtukana, na mimi ningekuwa yeye ningefanya hivyo. Lakini Dzombo akasema polepole:

"Mama, mimi naamka alfajiri. Mchana nikisimama, huwa nimesinzia kidogo mle ndani. Kumbe ulikuwa ukiniamsha."

"Nilidhani..."

"Najua ulivyodhani, mama."

Mwanaima akaipitisha simu chini ya pazia. Dzombo akatafuta mahali pa kulitoa gari kwenye programu, akapaona, kisha akairudisha simu kwa njia ile ile. "Ni hapa penye rangi nyekundu," akasema. "Bonyeza wewe mwenyewe. Mimi siwezi."

Akabonyeza. Programu ikamuuliza kama ana hakika. Akabonyeza tena. Ramani ikabaki na barabara zote za Kwale, na juu yake hakuna kitu kinachokwenda.

Dzombo alishukuru, akaaga, akatoka. Kwa mazoea Mwanaima akaitazama simu ajue amepinda kwenda Ukunda au kwenda Msambweni, na hakujua.

Ummi alikuwa jikoni aliposikia ukelele. Alikuja mbio akamkuta wifi yake sakafuni, leso mdomoni, analia kilio kile cha siku ya maziko ambacho watu walikingojea kwake wasikisikie.

"Wifi, kuna nini? Nani amekufa?"

"Kibwana," akasema Mwanaima. "Kibwana amekufa."