Mipini Mibichi ya Gasorwe

Siku yangu ya kwanza kazini, Fundi Mkuu wa karakana ya Magarama, mjini Gitega, hakunipa kisu. Alinipa mpini mtupu, akaniambia nitembee nao mkononi mpaka jioni. Tulikuwa tumerudi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, tulikowazika baba na mama. Wadogo zangu watatu waliniita Yaya, dada mkubwa, na shule nilikuwa nimeiacha darasa la tano. Jioni Fundi Mkuu akakitazama kiganja changu.

"Umekukwaruza wapi?"

"Hapa, chini ya kidole gumba."

"Basi hapo ndipo utakapopiga msasa. Watu wanasifu makali, binti yangu. Makali yanakata mti. Mpini mbaya unamkata mwenye kisu."

Kisu chetu hasa ni muhoro, kile cha kufyekea chenye ncha iliyopinda kama mdomo wa mwewe. Nilijifunza kuunoa kwa jiwe la mtoni lililoloweshwa, kwa mlalo uleule kutoka shina hadi ncha, mpaka uzi mwembamba wa chuma ujikunje upande wa pili. Uzi huo unaondolewa kwa kupitisha jiwe mara moja, polepole. Mashine ya umeme inavutia, lakini ukiikandamiza chuma kinageuka buluu, na chuma cha buluu hakishiki makali tena. Utomvu wa mgomba unakula chuma kuliko mvua, kwa hiyo muhoro uliokata mgomba husuguliwa kwa majivu siku hiyohiyo, ukakaushwa, ukapakwa mawese kidogo. Mpini hupakwa samli. Na mti wa mpini hukaa juu ya moshi wa jikoni miezi sita kabla ya kupokea mkia wa kisu, ile sehemu nyembamba inayozama ndani.

Baada ya miaka mitatu, wakulima wa Muyinga waliomba fundi wa depo yao, yaani ghala la zana, kule Gasorwe.

"Nenda," Fundi Mkuu akasema. "Kaniaibishe uone."

Nilipewa chumba nyuma ya depo, tukakaa sote wanne. Ilikuwa miezi ya watu kurudi kutoka kambini. Walikuta mashamba yamegeuka kichaka, na kila mmoja alitaka muhoro kabla ya mvua. Shefu, yaani mkuu wa depo, mtu aliyezaliwa na haraka, alisimama mlangoni.

"Fundi, mikaratusi iko pale nje. Chonga tu!"

"Bado mibichi, Shefu."

"Itakaukia mikononi mwao!"

Nikachonga. Nilijua ninachofanya, na nilichonga. Mipini sitini na mmoja, kila mmoja nikauchoma alama yangu, nyota ndogo karibu na pete ya chuma inayoubana.

Kiangazi kilipofika, mama mmoja aliingia depo, kisu mkono huu, mpini mkono ule.

"We fundi, ulinipa mpini ama ulinipa mwiko?"

Watu wakacheka. Kisha akageuka, tukaona mtoto mgongoni.

"Nimeinua mkono, kisu kikaruka nyuma. Kimepita karibu na sikio la huyu."

Mti mbichi ukikauka husinyaa na kupasuka, na mkia wa kisu hulegea. Nilimwambia Shefu lazima niifuate mipini yote. Akashusha sauti.

"Nyamaza. Mwenye shida ataleta mwenyewe. Ukienda kutangaza, mi natafuta fundi mwingine, na kile chumba utakiacha."

Niliwaeleza wadogo zangu tukichambua maharage. Yule wa pili akauliza, "Yaya, na mtoto wa mwingine je?" Nikainuka, nikachukua kikapu.

Nilimpelekea Fundi Mkuu habari, naye akanitumia mipini mikavu kwa lori, pamoja na neno alilompa dereva: "Mwambie aibu hailipwi kwa machozi. Ailipe kwa miguu." Nilipanda na kushuka vilima vya Gasorwe wiki saba, nyumba kwa nyumba, nikieleza kosa langu kwa mdomo wangu. Nikabadilisha sitini. Mmoja sikuuona. Mwenyewe alikuwa mama mmoja aliyehamia kwa binti yake, na hakuna aliyejua wapi.

Shefu hakuleta fundi mwingine. Wakulima walimwambia wanamtaka huyuhuyu anayefuata kosa lake mpaka mlangoni. Chumba kilibaki chetu, wadogo zangu wakasoma hapo mpaka wakamaliza. Lakini kila siku ya soko nilitazama mikono ya watu, nikitafuta nyota yangu.

Wiki yangu ya mwisho kazini, macho yakiwa yamechoka, bibi mmoja alileta muhoro uliokwisha kwa kunolewa, mwembamba kama jani la mtama. Karibu na pete, nyota. Nikauvuta mpini kwa nguvu zangu zote. Haukutikisika.

"Bibi, huu nilikuwekea mbichi."

"Najua. Ulikuwa unatoka maji. Nikautoa kabla sijafyeka, nikauning'iniza juu ya moto wangu mpaka mvua ikapita, nikaurudisha."

"Mbona hukuja kunigombeza?"

"Nikugombeze nini? Yule mwanaume alikuwa anakupigia kelele, na wadogo zako wanachungulia mlangoni. Mi nilikuwa na moto jikoni." Akaketi. "Leo nataka makali. Mpini iko sawa."

Nililowesha jiwe. Sikufanya haraka. Nilipomaliza nilimkabidhi muhoro mpini ukitangulia, kama tunavyopeana visu kwetu, na nikaushikilia kidogo kabla ya kuuachia. Ulikuwa wa sitini na moja.