Oili ya Kwanza ya Gari la Baba

Ninyi wa rika langu mnaikumbuka miaka ile wanunuzi binafsi walipoanza kupanda Mbinga kugombea kahawa yetu. Ndipo baba na wadogo zake walipochanga wakanunua pikapu mpya kabisa, viti bado vimevikwa nailoni. Ilifika Songea juu ya lori, na baba akaenda kuichukua. Kigonsera nzima tulitoka barabarani kuipokea, tukasubiri mpaka miguu ikauma, kwa sababu baba alikuja polepole kiasi kwamba wenye baiskeli walimpita.

Muuzaji alikuwa amemweleza kwamba vyuma vya injini mpya bado vinakwaruzana, vinatoa unga, na oili ya kwanza ndiyo inayoubeba unga huo. Kwa hiyo asikimbize, asipakie mzigo mzito, na gari likifikisha kilomita elfu moja amwage oili yote aweke nyingine. Baba aliyashika maneno hayo kama amri za Mungu. Kila asubuhi, kabla hata ya uji, alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta kwa kitambaa, akakichovya tena na kukitazama. Debe la oili mpya lilikaa nyuma ya kiti chake, na hatukuruhusiwa hata kuliegemea. Majirani walioomba wabebewe magunia ya kahawa walijibiwa, "Bado halijakomaa." Wengine walinuna.

Msimu huohuo dada yangu Skola akaposwa na Osmundi, kijana wa Lipingo, kule ziwani. Ndoa ilipangwa kufungwa kigangoni kwao, na padre alisema wazi kwamba akimaliza misa atakwenda kijiji kingine. Ndugu wengi walitangulia kwa lori. Kwenye pikapu tulipanda wachache tu: baba, mama na Skola mbele, mimi na shangazi Kristina nyuma, pamoja na sufuria kubwa ya zawadi.

Tulitoka alfajiri. Baada ya Mbinga tulianza kuteremka kuelekea Nyasa, vumbi jekundu likitufuata, na ziwa likaanza kuonekana chini, bluu tupu. Mara baba akasimamisha gari, akazima injini.

"Elfu moja," alisema.

Mama hakuelewa. Alipomwona anatoa spana, alielewa.

"Baba Skola, leo? Padre anaondoka! Hizo kilomita zilizobaki ndizo zitakazoua gari?"

"Muuzaji alisema elfu moja. Hakusema elfu moja na harusi."

Alingoja injini ipoe kidogo, akavua koti, akaingia chini ya gari. Hapo akagundua kwamba hana chombo cha kukingia oili. Mkono wake ukatokea, ukapapasa, ukaishika sufuria ya zawadi. Mama alipiga kelele ambazo nadhani Lipingo walizisikia. Skola aliketi juu ya jiwe na gauni lake jeupe, akatazama upande mwingine.

Oili ilikuwa bado inachuruzika tulipomwona mtu anapanda mlima kwa baiskeli, anaisukuma zaidi ya kuiendesha. Alikuwa Osmundi, ndani ya suti, ametota jasho. Alimfikia dada yangu akasimama, anahema.

"Umekataa?" alimuuliza.

"Ningekataa ningebaki nyumbani," Skola alisema. "Muulize baba na oili yake."

Osmundi aliinama, akaiamkia miguu iliyochomoza. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nani?"

"Osmundi."

"Shika hii spana."

Basi bwana harusi akapiga magoti vumbini. Hawakuwa wamewahi kuzungumza wawili hao, mambo yote ya posa yalipitia kwa washenga. Sasa tuliwasikia huko chini: kaza, legeza kidogo, hapo hapo. Walipotoka, baba aliisogeza sufuria juani. Ndani ya ule weusi kulikuwa na vipunje vinavyometameta.

"Mnaona? Hivi ndivyo vingeitafuna injini."

Skola alikuja kuchungulia, akaanza kucheka, na alipoanza hakuweza kuacha. Hata mama aligeuka pembeni kuficha uso.

Padre tulimkuta amekwisha kufunga mkoba wake. Aliwafungisha ndoa haraka, mkono wa shati la Osmundi ukiwa mweusi mpaka kwenye kiwiko. Mama alimnunia baba hadi tulipokula samaki mbasa wa kuchoma jioni. Shangazi Kristina ndiye aliyesema, "Kaka hakuwa anamwaga oili. Alikuwa anamchelewesha mtoto." Baba alikataa, akasisitiza elfu moja ni elfu moja. Lakini alisema akiwa ametazama ziwani.

Vijana wa leo huagiza gari kwa simu, likafika limeshazeekea mikononi mwa watu wengine, nao huwasha redio kabla ya kufungua boneti. Siwalaumu. Barabara ya kuteremka ziwani nayo sasa ni lami. Mwaka jana nilimpeleka binti yangu kuolewa hukohuko. Tulifika mapema, na sikupata sababu yoyote ya kusimama njiani.