Nilisema mke wangu anataka kuniua, kumbe ni uji wangu wa getini

Admin, ficha jina langu. Nimemdhulumu mke wangu mbele za watu na tangu nijue ukweli usingizi sipati.

Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na mbili, mtu wa Tanga, naishi Berea hapa Joburg. Shule niliishia darasa la saba. Nalinda geti la ofisi huko Midrand. Mwaka jana kiu ilinizidi, macho yakaingia ukungu, kliniki wakaniambia nina kisukari. Nesi akasema dawa peke yake haitoshi, nibadilishe chakula.

Mama Zuhura, mke wangu, akaichukua ile kama kazi yake. Chai bila sukari. Ugali ukawa kama ngumi, sahani yote iliyobaki mchicha na maharage. Na yeye anauza chapati pale mlangoni kwetu! Wateja wanakula, mimi napewa tango. Nikinyoosha mkono napigwa na mwiko: "Weka hapo, baba. Hizo za wenye kongosho nzima."

Lakini kila asubuhi akinitoboa kidole, kipimo kiko juu. Miguu ikaanza ganzi. Nikaogopa sana. Jamaa mmoja kazini akaninong'oneza, "Bro, unakula cha mkono wake tu na sukari inapanda? Fikiria." Nikafikiria. Eish, bora ningelala.

Siku ya kisomo mtaa wa Bellevue, kwa shemeji yangu, kaka yake mke wangu, watu wa nyumbani wote walikuwepo. Biriani ikaja, Mama Zuhura akainama akanipunguzia wali mbele ya wanaume. Mmoja akacheka, "Mzee kaachishwa ziwa!" Nikapasuka: "Huyu mwanamke ananitilia kitu. Anataka nife!"

Mama Zuhura akasema polepole tu, "Baba Zuhura, tunakula sufuria moja. Mbona mimi sifi?" Akafunga mtandio wake vizuri. Hakurudi Berea, alibaki palepale kwa kaka yake.

Juzi kliniki nesi akaniambia nitaje kila kinachoingia mdomoni, hata kazini. Kwa Kizulu changu cha getini nikamjibu kwa kujiamini: mageu. Ni ule uji mchachu wa mahindi, wanauza kwenye boksi. Nanunua spaza, kiduka cha mtaani, kila zamu, boksi la mchana na la jioni. Kwetu tumekua tukiambiwa kitu kichachu kinakata sukari, kwa hiyo mimi nilijua najitibu. Mke wangu sikumwambia, nilitaka kipimo kishuke kwanza nimshangaze.

Nesi akashika kichwa. "Baba, hayo ni mahindi na sukari juu yake. Boksi umesoma?"

Sijawahi kusoma. Nimeacha, na kipimo kimeanza kushuka. Najitoboa mwenyewe siku hizi.

Nikampigia Mama Zuhura nikamweleza yote, nikalia. Akasikiliza mpaka mwisho. "Ulinichafua kwenye simu?" Nikasema hapana. "Basi usinisafishe kwenye simu." Akakata. Shemeji naye kanitumia ujumbe: Jumapili ya kisomo ikipita hivihivi, Jumatatu anakuja kuchukua talaka ya dada yake.

Ndugu zangu, mimi si mtu wa kuongea mbele za watu, na wale wanaume nawajua, watanicheka mpaka nizeeke. Nishaurini, nianze na neno gani? Nimwombe msamaha mke wangu kwanza au kaka yake?

Ila kusimama nitasimama. Jumapili hii kuna kisomo tena nyumba ileile, watu walewale. Kabla biriani haijagawiwa nitainuka na boksi tupu la mageu mkononi, niseme, aliyekuwa ananitilia kitu ni mimi, na kitu chenyewe hiki hapa. Halafu nitamsogezea Mama Zuhura sahani yangu, anipunguzie wali wote wakiona.