Jirani Aliyerudi Kuomba Picha Zake

Wiki jana mafundi walipaka rangi nyumba ninayokaa, na harufu ya tapentaini ikanirudisha Nakuru, enzi ikiwa bado mji tu, haijaitwa jiji. Niliishi na nyanya kwenye ploti ya vyumba vya mabati vya kupanga, nyuma ya maghala ya nafaka. Asubuhi ilinukia chai ya maziwa na moshi wa makaa. Mchana upepo ulileta vumbi jeupe, nami nikafuta meza ileile mara mbili, mara tatu.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa mwalimu mstaafu, mama mmoja mpole aliyechora kwa rangi za mafuta kutwa nzima, mlango wake ukinukia tapentaini. Kuuza hakujua. Aligawa tu: mtoto akizaliwa, picha, mtu akihama, picha. Babu alipofariki kule shambani Olenguruone, nyanya hakuwa na picha yake hata moja. Jirani akaketi naye, akamuuliza babu alikuwa vipi, kisha akamchora amesimama na ng'ombe wake kwenye ukungu. Nyanya aliitundika juu ya redio, na kila akizima redio aliiaga.

Sasa sikia, rafiki yangu. Miaka hiyo yote jirani alikuwa akiwasumbua wakubwa wa mji watenge nyumba ya picha, mahali ambapo hata mtu aliyetoka shambani na matope miguuni angeingia akatazama. Askari wa getini kwao walishamzoea, wakamwita mathe, mama wa picha. Mwishowe mzee mmoja Singasinga, mwenye duka la vipuri, akatoa ghala lake kuukuu, na wakubwa wakakubali. Kuta zikapatikana. Picha ndizo hazikuwapo; zilikuwa kwetu. Ikabidi apite nyumba kwa nyumba akiomba vitu alivyokwisha kuvitoa.

"Hiyo picha ulinipea," nyanya alimwambia. "Sasa unataka nibaki na msumari?"

Jirani hakubishana. Alivuta kigoda, wakachambua maharagwe pamoja, mvua ikipiga mabati. Alipoinuka alimwambia nyanya, "Shosho, sitakuuliza tena. Lakini kule angejulikana na watu wengi."

"Hakuwa anapenda watu wengi."

Siku ya kufungua nyumba ya picha, nyanya alipanda juu ya kiti, akaitoa picha mwenyewe, akaifunga kwa shuka. Tulitembea hadi ghalani. Alimkabidhi jirani mlangoni.

"Umwekee mahali jua haimchomi," alisema. Jirani alilia. Nyanya hakulia, ila njia nzima ya kurudi alikuwa akirekebisha shuka tupu begani.

Baadaye ikawa mazoea: akitoka sokoni anapitia kule, anaketi kwenye benchi, vitunguu miguuni. Watoto wa shule wakamuuliza, "Shosho, huyu ni nani?"

"Ni mzee wangu. Na hiyo ng'ombe ilikuwa inapiga mateke, msiione hivyo."

Jirani alifariki kwanza, nyanya akamfuata. Ploti yetu sasa ni gorofa. Nyumba ya picha ingali wazi, na nimeingia mara kadhaa kama mgeni mwingine yeyote. Babu alifariki nikiwa mdogo mno. Nikijaribu kumkumbuka, ninachokiona ni rangi za jirani: koti la kijivu, kijani cha msitu wa Mau, mdomo uliokaribia kucheka. Kama kweli alifanana hivyo, aliyejua ni nyanya peke yake, na miaka yote niliyokaa naye sikuwahi kumuuliza.