Baba Mkwe na Breki Zangu

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, lakini siku gari letu lilipoingia kwenye jaruba la mpunga sikuwa na wa kumkasirikia ila mguu wangu mwenyewe. Ilikuwa masika, njia ya Njisi, kwenye kiteremko kinachoshukia daraja dogo. Nilikanyaga breki mapema kabisa, au ndivyo nilivyoamini, lakini gari likazidi kwenda kana kwamba halijaguswa, likaacha barabara na kutua ndani ya maji, mpunga ukigusa vioo. Mwanangu wa miaka mitano, aliyekuwa amefungwa mkanda kiti cha nyuma, alicheka sana kwa sababu ya vyura. Mimi nilitetemeka siku tatu.

Tangu hapo, kila nilipogusa breki mguu wa kulia ulicheza wenyewe. Mimi ni afisa kilimo, wakulima wangu wa kakao wametawanyika vijiji vingi, na nilikuwa nawafikia kwa bodaboda huku gari limelala nyumbani, kuku wakitaga chini yake. Nikamwambia mume wangu tuliuze. Alikwenda kulifuta vumbi, na nilijua kwa nini. Lilikuwa gari la baba yake, dogo, la gia za mkono, alilolinunua alipostaafu udereva wa malori, kisha akatupatia sisi wakati goti lake la kushoto lilipokataa kukanyaga klachi.

Siku chache baadaye mume wangu akanionyesha tangazo kwenye simu. Kikundi cha wapenda magari wa Mbeya mjini kingefanya siku ya mazoezi Ikolo, karibu na ziwa, kwenye eneo la wazi lililokuwa limekauka baada ya mavuno. Si mashindano. Wanapanga koni kuonyesha njia, unazunguka na mwalimu pembeni yako, unakimbiza gari na kulisimamisha mahali pasipo na lori wala mbuzi wa mtu. Wanaoanza walikaribishwa. Mwisho wa siku kila anayeanza anatakiwa asimamishe gari kutoka kwenye mwendo mkali, kabla ya mstari wa koni, mara tatu mfululizo.

"Nenda," mume wangu akasema. "Ukiweza, unaendelea kuendesha. Ukishindwa, tunaliuza, na baba nitamwambia mwenyewe."

Tukakubaliana hivyo.

Kikundi kilituma orodha ya maandalizi. Mafuta ya breki yawe mapya. Upepo wa matairi upimwe. Betri ifungwe isicheze. Viatu vya kufunika vidole. Helmeti ya kufunika uso mzima, na hiyo niliazima kwa bodaboda mmoja wa stendi, ina kioo cheusi na ndani inanuka mafuta ya nywele mpaka machozi yanakutoka. Mwisho, kila kilicho huru ndani ya gari kitolewe. Nilitoa jeki, tairi la akiba, jembe, mifuko ya sampuli za udongo, punje za kakao zisizo na idadi, nusu ya muwa, na Biblia ya mama mkwe iliyokuwa imetafutwa tangu Pasaka. Fundi alibadilisha mafuta ya breki, akalijaribu gari, akasema breki ni nzima kabisa. Badala ya kufurahi nikaumia. Kama breki ni nzima, basi mbovu ni mimi.

Hapo ndipo nilipomkumbuka mtu aliyekuwa anajua kusimamisha magari kuliko wote niliowafahamu, nikakumbuka pia kwamba siruhusiwi kukaa naye.

Mimi nimetoka Singida. Nilipoletwa hapa kama bi harusi, nilimwendea baba mkwe na mikono miwili kumsalimu, na mzee yule akageuka akaingia kwenye migomba bila neno. Nililia usiku ule na nikamchukia kwa miezi. Ndipo mama mkwe akanieleza kwamba kwa Wanyakyusa wa zamani mkwe wa kike na baba wa mumewe hawatazamani, hawasemeshani, hawapiti njia moja. Ni heshima. Wengi wa rika lake wameshaacha, hata kanisani walishahubiriwa, lakini yeye, mzee wa kanisa huyo huyo, hakuacha. Kwa miaka saba nimemjua kwa kikohozi, kwa mgongo, na kwa harufu ya sabuni ya kunyolea.

Nilimwambia mama mkwe shida yangu wakati tunachambua mchele. Aliendelea kuchambua. Jumamosi iliyofuata akaniambia nilete gari kwenye uwanja wa kanisa, ulio nyuma kabisa ya nyumba yao, ng'ambo ya migomba. Nilimkuta ameshapanga vyungu vya udongo vya Ikombe vilivyopasuka, vile vya kupikia maharage, mahali pa koni.

Nikaendesha, nikasimamisha. Nikarudi, nikaendesha, nikasimamisha. Mguu ukacheza, chungu kikagongwa. Mara ya nane au ya tisa nikasikia kikohozi ninachokijua, kisha sauti nzito kutoka kwenye migomba.

"Mwambie mkwe injini inanyamaza kabla ya breki."

Mama mkwe alikuwa amesimama hatua kumi kutoka dirishani kwangu. Akanigeukia. "Baba anasema injini inanyamaza kabla ya breki."

"Nimesikia, mama."

"Umesikia kwangu," akanirekebisha.

"Ndiyo, mama. Nimesikia kwako."

"Mwambie anakanyaga klachi kwanza," sauti ikaendelea. "Anaogopa gari lisizime. Akikanyaga klachi injini inaliachia gari, linakwenda lenyewe. Kwenye mteremko linamkimbia."

Mama akarudia yote, neno kwa neno, mpaka na kile kikohozi cha katikati. Mimi nilikuwa nimeshika usukani, simsikii tena. Nilikuwa nimerudi kwenye kile kiteremko cha njia ya Njisi, na kwa mara ya kwanza niliuona mguu wangu wa kushoto. Ulikuwa umetangulia. Nilikuwa nimelikata gari kutoka kwenye injini yake kabla ya kugusa breki, kwenye utelezi, halafu miezi mitatu nimeutukana mguu wa kulia usio na kosa. Nilicheka peke yangu ndani ya gari.

Halafu hasira zikanijia, maana ndivyo nilivyo. Nikatoa kichwa dirishani. "Mama, hivi kabla ya ajali baba alikuwa akinisikia natoka nyumbani na gari kila siku. Kwa nini hakusema?"

Mama akatazama migomba, akanitazama mimi. "Hukuuliza."

"Ningemuulizaje?"

"Kama ulivyouliza juzi, kwangu," akasema.

Basi nikawa na mwalimu. Kila Jumamosi, kuanzia saa tisa jua likipungua, mimi uwanjani, mama katikati, baba kwenye migomba akisikiliza. Yule mzee aliteremsha malori ya mizigo kutoka milimani Tukuyu maisha yake yote ya kazi, kwenye ukungu na mvua, na masikio yake hayakustaafu. Alijua kwa sauti tu nimeingiza gia ya ngapi. Alijua nikiangalia chini. "Mwambie atazame anakokwenda, vyungu vitajitazama vyenyewe." Alichorudia zaidi ni kimoja: breki kwanza, injini isaidie kushika, klachi mwishoni kabisa pale injini inapoanza kulalamika. Nilizima gari mara nyingi sana. Nilivunja vyungu vitatu. "Vilikuwa vimekufa tayari," mama alisema, lakini vya Jumamosi iliyofuata alivisogeza mbali kidogo.

Siku ya Ikolo nilifika asubuhi nikiwa sijala. Milima ya ng'ambo ya ziwa ilionekana wazi, na uwanja ulikuwa na vumbi jepesi la mashina ya mpunga. Magari yalikuwa kama kumi, mengine yana makelele ya kutisha, langu lina kinyesi cha kuku kwenye bampa. Mkaguzi alitikisa betri, akabana matairi, akapitisha mkono chini ya kiti na kutoa ndala moja ya mwanangu.

"Hii ingekwenda chini ya breki, dada," akasema, nami nikaipeleka mbali na gari.

Mwalimu niliyepangiwa alikuwa kijana mnene wa sauti ya upole. Tukafunga mikanda. Wakati tunasubiri zamu, bodaboda ikaleta mama mkwe, na nyuma yake bodaboda nyingine ikaleta baba mkwe na kiti chake cha kukunja. Mzee akakifungua kiti pembezoni mwa uwanja, akakaa, akaupa uwanja mgongo.

"Yule mzee ana ugomvi na sisi?" mwalimu akauliza.

"Hapana. Anasikiliza."

Mizunguko ya kwanza ilikwenda vizuri, kona zikanikubali, nikaanza hata kufurahia. Saa ya kusimamisha gari ilipofika, nikaukaza mkanda wa helmeti. Mwalimu akasema, kimbiza mpaka gia ya tatu, ukifika kwenye bendera nyekundu, simamisha. Nikakimbiza. Bendera ikaja, na mguu wa kushoto ukatangulia, kama siku ile. Gari likaachiwa, likapita mstari, likalaza koni mbili. Mwalimu akasema hesabu ya mara tatu inaanza upya. Ng'ambo ya uwanja nilisikia kikohozi, au nilidhani nimekisikia, kwani ndani ya helmeti ile husikii vizuri.

Nikarudi mwanzo. Nilimwambia mwalimu anipe dakika moja, nikatoa mguu wa kushoto kabisa, nikauweka pembeni, mbali na klachi, mahali ambapo ungerudi gia ya tatu ikishaingia. Nikasema kwa sauti, nikiwa sijali ananionaje: "Injini inaanza kulalamika, ndipo."

Nikakimbiza. Bendera. Breki, breki tu, kwa nguvu zote. Gari likainamisha pua, mkanda ukanikaba, injini ikashika, ikanguruma chini, ikaanza kulalamika, na hapo ndipo nikaleta klachi. Tukasimama. Mbele yetu kulikuwa na nafasi ya kulala ng'ombe kabla ya koni.

Mara ya pili ikawa hivyo hivyo. Mara ya tatu sikuwa hata nafikiri. Mguu wa kulia haukucheza. Nilipozima gari nilihisi kitu kikinishuka kutoka mabegani mpaka kwenye visigino, mzigo niliokuwa nimeuzoea hata nikadhani ni uzito wangu mwenyewe. Mwalimu akanipa mkono. Nilikuwa nalia ndani ya mafuta ya nywele ya mtu, na sikuwahi kuwa na raha kama ile.

Nilishuka nikiwa bado nimevaa helmeti. Mama mkwe alikuwa anakuja mbio, khanga mkononi, na nyuma yake baba mkwe alikuwa amesimama. Kiti kilikuwa kimegeuzwa. Alikuwa anatazama upande wangu.

"Alikigeuza lini?" nikamuuliza mama.

"Uliposimamisha ile ya pili." Akanipima kwa macho kutoka juu hadi chini, akacheka. "Sisi tulijifunika khanga tukipita mbele ya wakwe. Wewe leo umejifunika kuliko sisi."

Nikapandisha mkono nifungue mkanda wa kidevuni.

"Mwambie asivue kwanza," baba mkwe akasema.

"Baba anasema usivue kwanza."

Akaja akichechemea na goti lake, akalizunguka gari, akainama kwenye gurudumu la mbele na kunusa breki zilizokuwa bado za moto. Akalipigapiga boneti. Sikuwahi kuwa karibu naye hivyo. Ni mfupi kuliko nilivyodhani.

"Mwambie gari haliuzwi."

Kumbe alijua. Mama akavuta pumzi aanze kurudia, lakini nilikuwa nimeshatangulia.

"Nimesikia, baba."

Yalikuwa maneno yangu ya kwanza kwake kwa miaka saba. Mama akajiziba mdomo kwa khanga. Mzee alibaki na mkono juu ya boneti, anaitazama milima, na nikaogopa kwamba nimeharibu kila kitu. Kisha akakohoa.

"Mwambie," akamwambia mkewe, "nami nimesikia."