Jagi la Kapteni Chumvi

Harufu ya ukwaju unaochemka hunirudisha Bigwa mpaka leo, uani kwetu, mama amekaa kwenye kigoda anafunga barafu kwenye vifuko vya nailoni, mimi nafukuza nzi. Friza letu lilikuwa la mtumba, linanguruma kama mashine ya kusaga, na mtaa mzima ulilijua. Nilikuwa na miaka kumi. Mwaka huo ndipo Mjomba Mkude, kaka yake mama, aliporudi nyumbani baada ya miaka mingi ya kupika kwenye meli. Jamani, nilimpenda mtu yule! Alicheka kwa mwili mzima, alikata vitunguu bila kutazama kisu, na kila jioni ukungu ulipoanza kuteremka milimani alikaa nasi barazani kutusimulia ya baharini.

Hadithi moja ndiyo iliyomponza. Alisema aliwahi kuwapikia watafiti kwenye meli iliyofika kusini kabisa mwa dunia, ambako baridi huigandisha bahari mpaka watu wakatembea juu yake. Barafu hiyo ikikaa muda mrefu, akasema, unaiyeyusha na kuchemshia chai, wala husikii chumvi. Chumvi hubaki kwenye maji ya chini, nayo yakizidi chumvi na baridi yanakuwa mazito, yanazama hadi sakafuni mwa bahari, kisha yanatambaa polepole kuja pande zetu. Mzee Sefu, jirani yetu fundi baiskeli, alicheka akashika mbavu. "Mkude, unatupiga kamba mchana kweupe! Maji yazame ndani ya maji?" Kesho yake mtaa mzima ukawa unamwita Kapteni Chumvi. Mjomba alicheka nao, lakini haikupita wiki akaacha kukaa barazani. Akawa anakula ndani, peke yake, na siku moja nikamsikia akimwambia mama kwamba heri arudi Dar akatafute kazi. Iliniuma sana. Nikajiapiza kwamba haondoki mtu hapa.

Nikakoroga chumvi kwenye maji, nikatia rangi nyekundu ya juisi ili mama asije akawauzia wateja, nikafunga vifuko vinne na kuvificha chini kabisa ya friza. Asubuhi vilikuwa vigumu kama mawe. Nikaenda mbele ya Mzee Sefu kwa mbwembwe zote, nikalamba kimoja. Lahaula, chumvi tupu! Akaniuliza kama nami nimepewa cheo melini. Nilirudi nyumbani nalia kwa hasira, nikamwambia Mjomba kwamba ameniaibisha. Wala hakukasirika. "Mpwa wangu, bahari haigandi yote," alisema. "Wewe umeyafungia maji kifukoni yakaganda mpaka tone la mwisho. Hiyo chumvi ingekimbilia wapi?"

Nikarudia, safari hii kwenye bakuli. Saa tisa alasiri umeme ukakatika. Mama alifoka, akaanza kuokoa barafu zake, nami nikaona mkosi umeniandama. Nikalitoa bakuli nikamwage. Loo! Juu palikuwa na kifuniko cha barafu, cheupe karibu kabisa, na chini yake maji mekundu kuliko nilivyoyatia. Nilipiga kelele mpaka Mzee Sefu akaja mbio na mikono ya grisi, akidhani nimeumwa na nyoka. Nikaisuuza ile barafu bombani, nikampa kipande. Akalamba, akanitazama, akalamba tena. "Haina chumvi," akasema taratibu. Hapo Mjomba akachukua jagi la kioo la wageni, akalijaza maji ya bomba, akayamimina yale mekundu kidogo kidogo ukingoni. Yakashuka moja kwa moja, yakafika chini, yakatandaa na kutambaa mpaka upande wa pili. Juu maji yalibaki meupe.

Mzee Sefu alikuwa amemzidi Mjomba umri kwa mbali, na kila asubuhi ndiye aliyeamkiwa. Akajifuta mikono kwenye suruali, akainamisha kichwa. "Shikamoo, Kapteni." Mama akapiga vigelegele. Mjomba akaitika marahaba, na jioni hiyo kiti chake kilirudi barazani. Habari za Dar sikuzisikia tena.

Leo friza langu halingurumi, na wanangu wanataka barafu za dukani zenye picha ya tunda ambalo halimo. Lakini juzi binti yangu alinionesha kwenye simu picha zilizopigwa chini ya barafu ya huko kusini: maji ya chumvi yanashuka kama uzi kuelekea gizani. Nikampelekea Mjomba, bado yupo Bigwa, macho yamechoka. Akaisogeza simu puani, akatazama mara tatu. "Kumbe huwa hivi!" akasema. Nikashangaa. Si yeye aliyeyaona? "Ningeyaona wapi, mama? Mimi nilikuwa jikoni. Wale watafiti ndio walionihadithia wakila. Mtaa ulivyonicheka, hata mimi nikaanza kudhani walinipiga kamba." Akanirudishia simu, akacheka kwa mwili mzima. "Mimi nimeyaona maji yakizama mara ya kwanza kwenye jagi la mama yako."